Seva Iliyopumzishwa Dandora

Ndunge alikuwa king'ang'anizi, na hilo halikuwa siri pale Umoja. Utotoni mamake akimtuma kuwaita kuku jioni na mmoja akakosekana, hungemwona tena mpaka ampate, hata kama kuku mwenyewe ameshaingia chunguni kwa jirani. Tabia ya namna hiyo humponza mtu katika mengi. Lakini mwaka ule wa tisini na nane, kwa kazi aliyokuwa nayo, ilimfaa.

Kazi yake ilikuwa kupima diski. Sasa usinikunjie uso, wala usiniambie mambo ya kompyuta hayakuhusu, kwa sababu yatakuhusu siku mtoto wako akiugua. Kliniki za Afueni zilikuwa nne: Kaloleni, Umoja, Dandora na Njiru. Kila moja ilikuwa na seva, ile kompyuta kubwa isiyozimwa ambayo ndani yake mna diski, na ndani ya diski mna rekodi za wagonjwa wote. Mgonjwa akifika, karani huandika jina lake, seva huitafuta rekodi, na daktari huona mtu huyu aliwahi kuugua nini na ni dawa gani inamkataa. Diski ikiwa nzito, rekodi inachelewa. Na daktari naye ni binadamu, ana benchi zima linalomngoja.

Mwaka uliotangulia Kathini, dada mkubwa wa Ndunge, alimpeleka mwanawe Kiema kliniki ya Dandora akiwa na kifua. Ilikuwa Jumatatu, watu wamejaa mpaka nje. Karani akaandika jina, skrini ikaganda. Daktari akangoja, akatazama foleni, akangoja tena, mwishowe akaandika sindano ya penisilini. Kathini alijua fika kwamba penisilini inamkataa mwanawe. Lakini alikuwa ameshawaambia safari ya kwanza, wakamjibu kwamba imeandikwa kwenye kompyuta, naye akaamini kilichoandikwa kimesomwa. Sista Qali, muuguzi mkuu wa pale, ndiye aliyedunga. Mtoto akavimba uso, koo likafunga, pumzi ikawa ya kutafuta. Sista Qali huyo huyo ndiye aliyempigania mpaka pumzi ikarudi. Rekodi ilifunguka baadaye, mtoto ameshalazwa, na onyo lenyewe liko pale juu kabisa kwa herufi kubwa.

Kiema alipona. Ndunge hakupona. Alilia siku ile nyuma ya kliniki, akanawa uso kwenye mfereji, akaapa kwamba rekodi ya mtoto wa watu haitachelewa tena maadamu yeye yuko hai na ana mikono miwili.

Kwa hiyo kliniki zilipoamua kununua diski mpya na kuipa kazi ofisi ya Mzee Zahoro kule Buruburu, Ndunge, ambaye ndiye fundi wake, aliiomba kazi hiyo kabla hajaulizwa. Mzee Zahoro alikuwa mtu wa Pumwani mwenye asili ya pwani, mpole wa maneno na mwepesi wa maamuzi. Aliazimwa diski za aina mbili za kujaribu. Nyeusi zilikuwa tele kwenye ghala la muuzaji huko Industrial Area, ukizitaka kesho unazo. Nyekundu zilikuwa za kungojewa meli. Nyeusi zikafungwa Dandora na Njiru, nyekundu Kaloleni na Umoja, rekodi za wagonjwa zikanakiliwa humo, na Ndunge akaambiwa aseme ni aina gani inunuliwe kote. Muuzaji wa zile nyeusi alitaka jibu Ijumaa.

"Mimi moyo wangu uko kwa nyeusi," Mzee Zahoro alimwambia. "Diski za zamani zinakufa, mwanangu. Mgonjwa hangoji meli."

"Moyo wako sikutumwa kuupima, Mzee. Nimetumwa kupima diski."

Mzee Zahoro akacheka mpaka kofia ikamhama kichwani. Alimpenda binti huyu kwa sababu hakumwogopa, ingawa kuna siku alitamani amwogope kidogo.

Kupima kwenyewe hakukuwa kwa mkono. Kulikuwa na programu inayoandika na kusoma kwenye diski huku ikiangalia muda, ikijifanya karani mmoja wa ziada kati ya makarani wa kliniki, kana kwamba kliniki imeongeza mtu. Lakini programu ni kipofu mpaka ishikwe mkono. Ipime kwa mzigo gani, ianze saa ngapi, diski iko upande gani wa mashine, hayo yote yalikaa kwenye faili dogo la mipangilio. Ndunge aliliandika faili hilo mara moja, akalitia kwenye flopi, vile visahani vya kubebea mafaili, akazisambaza flopi kliniki zote nne, akarudi Buruburu kungoja majibu yaje kwa simu, kupitia modemu, kidude cha kuzungumzisha kompyuta kwa simu, kilicholia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Majibu yakaja, na hayakuwa na kichwa wala miguu. Kaloleni ilipima wakati wa chakula cha mchana. Umoja haikupima kuandika kabisa, kusoma tu. Dandora ilipima alfajiri, kliniki haijafunguliwa. Njiru, yenye diski nyeusi ile ile ya Dandora, ilimaliza kipimo kabla Ndunge hajamaliza kumeza chai. Akampigia Wathome, karani wa Njiru, kijana mcheshi aliyeendesha rekodi za kule peke yake.

"Niaje, Wathome. Nani amegusa lile faili la mipangilio?"

"Ni mimi, siste. Lilikuwa linanikawisha, watu wananiangalia vibaya hapa. Nikapunguza mzigo kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Nilitoa sifuri mbili."

Ndunge akafumba macho. Hakuweza hata kumkasirikia, maana Wathome alisema kwa moyo mweupe, kama mtu aliyeondoa jiwe njiani. Kaloleni na Dandora nao walikuwa wamesogeza saa ili wasisumbuliwe. Umoja mtu alikuwa amefuta mstari mmoja akidhani ni makosa ya kuandika. Ni kama kuwapa wapishi wanne kipimo kimoja cha wali, halafu kila mmoja achote kwa kikombe cha kwao. Utakula, ndiyo, lakini usiniambie ni wali ule ule.

Mzee Zahoro alisema, "Si tuchukue wastani tu?"

"Wastani wa uongo ni uongo, Mzee."

Akajikaza kisabuni, akaanza upya. Safari hii aliliweka faili moja tu ofisini Buruburu, akaliita faili mama. Kila kitu kilichopaswa kuwa sawa kilikaa humo. Yale ambayo lazima yatofautiane, jina la kliniki na mahali diski ilipofungwa, aliyatenga kwenye kijifaili cha kila seva, mistari miwili, basi. Kila asubuhi alipiga simu ya modemu kwa kila seva kwa zamu, faili mama likaenda kukaa juu ya lile la jana na kulifuta. Na kwa kuwa aliwajua watu wake, akatia muhuri: programu ilijumlisha herufi zote za faili ikapata namba, na namba hiyo isipolingana na ile ya Buruburu, kipimo kinakataa kuanza. Ukigusa hata nukta, umejulikana.

Wathome alijaribu, kwa kujua tu. Seva ikamgomea. Akapiga simu mwenyewe.

"Siste, hii kitu yako imeninyima."

"Vizuri. Endelea kunyimwa."

Saa ya kupima aliiweka saa nne asubuhi, kote. Na kwa sababu alilelewa vyema, haingii kwa mtu bila hodi, siku ya kwanza ya faili mama alizipigia kliniki zote na kuwaambia wenyeji wao kwamba kuanzia leo, saa nne kila siku, seva yenu itapimwa. Sista Qali wa Dandora alimshukuru sana. Alisema, "Usijali, dada, sisi tutaitayarisha." Ndunge hakulitia neno hilo maanani. Nani angelitia?

Sasa majibu yakatulia. Kaloleni na Umoja, zenye diski nyekundu, zilikaribiana siku hadi siku kama watoto pacha. Njiru, yenye nyeusi, ikawa nzito kama gunia la maji. Na Dandora, yenye nyeusi ile ile, faili lile lile, muhuri ule ule, ikawa na kasi kuliko zote.

Mzee Zahoro akayatazama majibu akapiga paja. "Umeona? Njiru ni mbali, umeme wake wa mashaka, vumbi la Kangundo Road. Dandora ndiyo kliniki kubwa. Ikiweza Dandora imeweza kote. Ijumaa nampa muuzaji jibu."

"Umeme nimeuangalia, Mzee. Vumbi pia. Diski moja, faili moja, majibu mawili. Kuna kitu ambacho hakimo kwenye faili."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekiandika."

Mzee Zahoro akavua miwani akaipangusa, dalili kwamba subira yake imeanza kuaga. Hakuwa mtu mbaya, jamani, nisije nikamsingizia. Alikuwa ameona diski za zamani zikifa moja moja, na kila iliyokufa ilikufa na majina ya watu. Kwake kungoja meli kulikuwa ni kuwangojesha wagonjwa. "Una mpaka kesho," akasema. "Kesho muuzaji akiingia hapa, nataka neno moja kutoka kwako. Ndiyo au la."

Ndunge akarudi kwenye meza yake. Alilisoma faili mama mstari kwa mstari mpaka macho yakawasha. Aliisoma ripoti ya Dandora akitafuta kosa lake mwenyewe, na alitamani alipate, maana kosa lako una uwezo wa kulirekebisha. Hakulipata. Alijua jambo moja tu: majibu haya yakipita, diski nyeusi itafungwa kliniki zote nne, na kama Dandora inadanganya, iko Jumatatu moja ambapo skrini itaganda tena na daktari atachoka kungoja. Safari hii huenda asiwe mtoto wa dadake. Hilo halikumtuliza hata kidogo.

Kesho yake, Ijumaa, alituma faili mama mapema, akachukua mkoba, akaondoka bila kumpigia mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alikwenda mahali bila kupiga hodi.

Alifika Dandora saa nne imeshagonga. Moshi wa jaa la taka ulikuwa umelala chini chini kama kawaida, na kwenye duka la kando ya kliniki redio ilikuwa inapiga muziki wa vijana wa mtaani. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Lakini ndani palikuwa kimya. Hakuna jina lililoitwa. Makarani watatu walikaa mbele ya skrini zao, mikono mapajani, kama wanafunzi waliomaliza mtihani na kuambiwa wasiguse karatasi. Mlango wa chumba cha seva ulikuwa wazi, na feni ya chumba cha sindano ilikuwa imehamishiwa humo ikiipepea mashine usoni. Sista Qali, mtaratibu, hijabu nyeupe, saa ya muuguzi ikining'inia kifuani, alisimama mlangoni akiilinda.

Alipomwona Ndunge akatabasamu kwa furaha ya mwenyeji. "Karibu, dada. Lakini sema polepole. Inapimwa."

"Najua inapimwa, Sista. Makarani mbona hawafanyi kazi?"

"Tunaipumzisha."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipigia simu. Kila siku, kabla ya saa nne kidogo, nawaambia waache kila kitu. Na wakati wa kipimo hakuna kugusa." Sista Qali aliona uso wa mgeni wake umebadilika, akaendelea kueleza taratibu, kama anavyomweleza mama anayeogopa. "Mtu akipanda vile vidaraja vya nje akifika hapa anahema. Nikimfunga kitambaa mkononi wakati ule, presha itanidanganya. Kwa hivyo namkalisha kwanza. Hazungumzi, hakunji miguu, anatulia. Ndipo nampima. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo ninavyowafundisha wasichana wangu. Wewe uliniambia seva itapimwa. Ningeipimishaje ikihema?"

Ndunge alikuwa amekuja na hasira, sasa akaitafutia mtu wa kumpa akamkosa. Muhuri ulikuwa mzima, faili halikuguswa na mtu. Yeye mwenyewe aliandika saa nne kwa sababu saa nne ndipo mabenchi yanapojaa na makarani wanapopigania diski. Saa aliiandika. Sababu hakuiandika popote, wala hakuisema kwenye simu.

"Na Sista," akauliza, "kwa nini ulitaka ifanye vizuri hivyo?"

Sista Qali alitazama chumba cha sindano kabla ya kujibu. "Unajua kwa nini. Ile ya zamani ilinifanya nikamdunga mtoto wa watu. Mtoto wenu. Nikasema hii mpya nitaitunza mimi mwenyewe, isije ikafeli mtihani ikachukuliwa, tukarudishiwa ile."

Hapo ndipo mtu alipokohoa kwenye benchi, kikohozi kikavu cha mtoto, na Ndunge akakijua kabla hajageuka. Kathini alikuwa amekaa katikati ya kina mama wengine, Kiema mapajani, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni.

"Ndunge," Kathini akasema. Hakupandisha sauti. "Tumefika hapa mapema. Tukaambiwa tungoje, kompyuta inapimwa. Nikawauliza inapimwa na nani, wakaniambia na wewe."

Maneno yale yalimchoma. Kumbe siku zote hizo akiwa Buruburu anafurahia muhuri wake, kila saa nne watoto wa Dandora walikuwa wanangoja kwa ajili yake, na majibu yenyewe yalikuwa ya uongo. Lakini Ndunge hakuwa mtu wa kukaa na uchungu wake akiupapasa. Akaweka mkoba chini.

"Sista, waite wagonjwa."

"Kipimo hakijaisha."

"Tutaanza kingine. Waite, na makarani wote watatu wafanye kazi kama Jumatatu. Huyu mgonjwa wako simtaki akiwa amekaa. Namtaka akiwa anapanda vidaraja na mzigo kichwani."

Sista Qali akasita. "Akianguka?"

"Aanguke leo, hatujamnunua bado."

Sista Qali akaingia chumba cha seva, akaizima feni, akaibeba mwenyewe kuirudisha ilikotoka. Aliporudi alipiga kofi moja tu la kuwaamsha makarani. "Haya, kazi. Wote."

Majina yakaanza kuitwa. Ndunge akakaa kwenye skrini ya pembeni akakianzisha kipimo. Mgonjwa wa kwanza rekodi yake ilifunguka. Wa pili ikafunguka. Wa tatu ikajivuta. Makarani watatu walipokuwa wanaita kwa pamoja, na kile kipimo kikijifanya wa nne, diski nyeusi ilianza kusaga ndani ya mashine, sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia saa nne ya Dandora, na namba mbele ya Ndunge zikaporomoka mpaka zikafanana na za Njiru. Aliziacha ziporomoke.

"Kiema," karani akaita.

Kathini akasimama na mwanawe. Karani akaandika jina. Jina likatokea juu ya skrini, na chini yake pakabaki peupe. Daktari, kijana mgeni ambaye hakuwepo mwaka uliotangulia, akaja na kalamu mkononi. Akasikiliza kifua. Akatazama skrini, peupe. Akatazama benchi, limejaa. Akaishusha kalamu kwenye karatasi.

"Daktari, ngoja." Ni Sista Qali. Alikuwa amesimama nyuma ya karani, na macho yake hayakutoka kwenye ule weupe. "Penisilini inamkataa huyu."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa popote unapoweza kuona. Naijua mimi." Akageuka kumtazama mama mwingine aliyekuwa kwenye benchi nyuma ya Kathini, mwenye mtoto mchanga aliyefungwa kwa leso. "Lakini wa nyuma yake simjui."

Rekodi ya Kiema ilifunguka hatimaye, onyo likiwa juu kabisa, na hakukuwa na mtu aliyeshangaa. Ndunge akakisimamisha kipimo. Sista Qali alikuwa amemkaribia, sauti yake imetulia kabisa.

"Andika hivyo hivyo," akasema. "Usiipambe."

Simu ya kliniki ikalia. Alikuwa Mzee Zahoro. Muuzaji alikuwa ameketi mbele yake, alisema, chai ameshakunywa, na neno moja tu linangojwa.

"La," Ndunge akasema.

"Jana ilikuwa inaruka!"

"Jana ilikuwa imelala, Mzee. Kila siku wakati wa kipimo walikuwa wanasimamisha kazi yote ili ipumzike. Leo nimeipima makarani wakifanya kazi. Ni Njiru tupu. Zile nyekundu zinapimwa hivyo kila siku Kaloleni na Umoja, na hazijachoka."

Akasikia mzee akivuta pumzi. "Mwanangu, nisikilize. Sikatai. Lakini nyeusi ya leo si bora kuliko nyekundu ambayo meli yake haijulikani iko wapi? Tutawarudishia watu zile za zamani wangoje?"

Kabla Ndunge hajajibu, Sista Qali alinyoosha mkono akauchukua mkonga wa simu.

"Mzee Zahoro, salaam aleikum. Ni mimi Qali. Dandora uliyoiona kwenye karatasi zako nimeitengeneza mimi, haipo. Iliyopo ni hii unayoisikia nyuma yangu." Akauinua mkonga juu, kuelekea benchi, na vikohozi na vilio vikaingia humo. Akaurudisha sikioni. "Ukinunua hizi, hutanunua nyingine kwa miaka. Ile ya zamani najua ni mbovu, kwa hivyo siiamini. Hii ingenifanya niamini. Mpaka meli ifike, nitamuuliza kila mama kwa mdomo wangu, na hakuna sindano itakayoingia hapa kabla mama hajajibu. Hilo niachie mimi."

Alisikiliza. Akaitikia mara mbili. Halafu akamrudishia Ndunge simu, na Ndunge akamsikia Mzee Zahoro akiongea mbali kidogo na mkonga, na mtu mwingine, kwa ule upole wake: "Bwana, samahani kwa kukuweka. Chukua mzigo wako." Kisha akarudi. "Ndunge. Yule mtoto wa mwaka jana, yuko hapo?"

"Yuko hapa. Anakula biskuti ya Sista."

"Basi sawa," akasema mzee, na akakata simu.

Ndunge hakurudi Buruburu kupumzika. Alirudi kufungua faili mama. Kwenye faili la namna ile unaweza kuweka mstari wa maelezo, ambao mashine huuruka lakini mtu huusoma, na yeye tangu mwanzo hakuwa ameweka hata mmoja, akidhani mipangilio inajieleza. Alikuwa amemuuliza Sista Qali kabla ya kuondoka aandike nini, na Sista Qali akafikiri huku akikunja kitambaa chake cha presha, akampa maneno. Ndunge akayaandika juu kabisa, mbele ya kila kitu, jinsi alivyopewa: *Usiipumzishe. Ipimwe Kiema akiwa kwenye benchi.*

Mstari mmoja ulitosha kubadilisha muhuri, kwa hiyo ilimlazimu kulituma faili upya kwa seva zote nne, maana diski zote, nyekundu na zile za zamani, zingeendelea kupimwa mpaka mzigo mpya ufike. Akapiga modemu Kaloleni, Umoja, Dandora. Njiru ikawa ya mwisho. Hajaondoa mkono mezani, simu ikalia.

"Siste, niaje. Safari hii sijagusa kitu, naapa," Wathome alisema. "Nimesoma tu. Huyu Kiema ni nani? Hapa sina mgonjwa wa jina hilo."

Ndunge akafikiria kumhadithia yote, kifua, sindano, feni. Nyuma ya sauti ya Wathome alisikia mlango ukifunguliwa, na mtu akiuliza kama daktari yupo.

"Ni yeyote aliye kwenye benchi lako sasa hivi," akamwambia.

Ndunge akasikia kiti kikisogea, kama mtu aliyeinama kuchungulia dirishani.

"Basi hapa wako wengi," Wathome akasema. "Ngoja nimwite wa kwanza."